Tuta la Salimu

Mwanangu Rehema,

Umekwenda kuwaaga shangazi zako na nyumba imetulia, kwa hiyo nimevuta kigoda karibu na dirisha nikuandikie kabla mwanga haujaisha. Mwandiko wangu unaujua. Ni ule ule wa darasa la watu wazima, unaopanda mlima na kushuka bonde ndani ya mstari mmoja. Univumilie. Wiki nzima nimejaribu kukwambia haya kwa mdomo, na kila nilipoanza niliishia kukuuliza kama umefunga blanketi.

Mambo ya blanketi, sabuni na vijana wa chuoni sitayagusa. Hayo shangazi zako wanakupa sasa hivi, na watakupa zaidi ya unavyohitaji. Mimi nataka kukueleza juu ya bibi yako, mama yangu, na juu ya lile tuta la pembeni kule kitaluni. Mengine uliyaona mwenyewe, lakini ulikuwa darasa la pili, na mtoto wa umri ule huona miguu ya watu wazima kuliko nyuso zao.

Kilichonisukuma ni jambo la juzi. Mama Kibwana alikuja kuomba chumvi, akasema mahindi yake ya nyuma ya nyumba yanakatwa usiku, na anahisi ni marehemu mumewe anamkumbusha, kwa kuwa hajamsomea hitima. Wewe ulikuwa unapeta mchele. Hukuinua hata kichwa. Ukamwambia, "Hao ni sota tu, Mama Kibwana. Fukua kidogo pale chini utawaona viwavi hao." Ulisema kweli. Naye alicheka, akachukua chumvi yake akaenda zake. Lakini mimi mkono uliniganda kwenye chungu. Sauti ile ilikuwa yangu, Rehema. Hata lile neno "tu" lilikuwa langu.

Wewe pale mahameni unapajua kama mahali pa kitalu. Kwangu mimi palikuwa nyumbani. Nilizaliwa pale, karibu na kijito, wakati nyumba zetu zilikuwa bado zimetawanyika, kila ukoo na upande wake. Kaka yangu Salimu alikufa kwa surua nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo simkumbuki. Alizikwa nyuma ya jiko, kaburi dogo lililozungushiwa mawe ya mtoni. Nilimjua kwa ufagio wa mama. Kila asubuhi mama alifagia uwanja, na akishamaliza uwanja alifagia na pale kwenye mawe, taratibu, kama mtu anayefagia chumba ambamo mtoto bado amelala. Hakuwahi kunisimulia habari zake hata mara moja. Alifagia tu.

Wakati wa kuhamia vijijini ulipofika, lori lilikuja likatuchukua na vyombo vyetu na milango yetu, tukashushwa hapa kando ya barabara iendayo Handeni. Siwezi kusema kwamba yote yalikuwa mabaya. Wewe ulipata shule ya karibu, na mimi nilijifunza kusoma nikiwa na mtoto tayari. Lakini mama aliingia katika nyumba mpya kama mgeni anayengojea kuitiwa usafiri. Asubuhi ya kwanza kabisa niliamka nikakuta hayupo. Alikuwa amechukua ufagio akarudi mahameni. Tangu hapo ikawa kawaida yake. Watu walimcheka kidogo, kisha wakamzoea.

Mwaka uliofuata ndipo kikaja kitalu. Kijiji kilitakiwa kupanda miti, na miche haiwezi kukuzwa pasipo maji. Pale kwetu palikuwa na kijito na udongo mweusi. Waliokuja kusafisha walikuwa watu wa kujitolea kutoka kijiji cha pili, vijana wenye nguvu na nyimbo, wasiojua kitu. Walikata mfenesi wetu, wakasawazisha ardhi, na mawe yote waliyoyakuta wakayapanga kwenye mfereji wa maji. Mama alipofika asubuhi yake hapakuwa na alama yoyote. Nilimkuta anazunguka na ufagio mkononi, akipima kwa macho mahali jiko lilipokuwa, mahali mfenesi ulipokuwa, akianza upya, akikosea. Mwisho akachagua mahali pembeni kabisa, upande wa kijito, ambapo baadaye liliinuliwa tuta la miche ya mikaratusi. Akasema, "Ni hapa." Hakuwa na uhakika. Mimi niliujua uso wake.

Mimi nilipata kibarua pale pale kitaluni. Wapo waliosema nimekosa haya, kumwagilia maji juu ya nyumba ya baba yangu. Nilihitaji kazi. Baba yako alikuwa anakata mkonge huko upande wa Hale, na alikuwa anarudi mara chache.

Msimamizi alikuwa Bwana Elia, Msambaa wa milimani, kijana mpole mwenye miwani. Nataka ujue kwamba alikuwa mtu mwema, kwa sababu katika habari hii hakuna mtu mbaya wa kumtupia lawama, na hilo ndilo linaloniumiza. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi unayokwenda kuisomea. Alikuwa anasema mtu wa kitalu hangojei kuona miche imekufa. Anapita kila asubuhi kabla jua halijakausha umande, tuta kwa tuta, akiinama. Mche ulionyauka wakati udongo una maji, ung'oe utazame mizizi: ukikuta gamba limetafunwa, huyo ni mchwa, na hapo uondoe nyasi kavu zote ulizotandaza, utafute kichuguu. Mche uliokatwa usawa wa ardhi na kulala pale pale, kama umepigwa wembe, huyo ni sota. Mchana amejificha. Fukua kwa kijiti kando ya shina, hata kina cha kidole hufiki, utamkuta amejikunja. Magugu ya pembezoni uyapalilie daima, maana nondo hutaga humo. Dawa ya unga tulikuwa nayo stoo, lakini Bwana Elia aliifungia kwa ufunguo na kuitumia kwa uchoyo, kwa ajili ya watoto na kuku waliokuwa wanapita. Nilipenda kazi ile, mwanangu. Sijawahi kukwambia jinsi nilivyoipenda. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza, "Umeona nini?" na kungojea jibu langu.

Basi miche ya tuta la pembeni ikaanza kukatwa. Matuta mengine mazima, lile moja kila asubuhi limelaliwa na miche. Wenzangu wakaanza kunong'ona. Walijua pale palikuwa mahame ya nani. Mmoja akasema wenyewe wamekataa. Wakaacha kulimwagilia. Wakawa wanapita mbali nalo, wakinitazama mimi.

Na mama, Rehema, mama alifurahi. Utakumbuka labda kwamba kuna kipindi bibi yako alikuwa anacheka sana, akikuimbia na kukukaangia karanga. Ilikuwa wakati ule. Alikuwa akikaa kando ya tuta lile asubuhi nzima, ufagio umelala mapajani, akiyatazama yale machipukizi yaliyokatwa kama mama anayetazama uji uliomwagwa na mtoto wake. Siku moja aliniita, akaokota mche mmoja, akanionyesha.

"Unaona? Ni Salimu huyu."

"Salimu anafanya nini na miche, mama?"

"Anacheza. Mtoto yule hakutulia hata siku moja. Ukimpa kitu, amekivunja."

Hicho kilikuwa kitu cha kwanza nilichopata kusikia juu ya kaka yangu. Kwamba hakutulia. Kwamba alivunja vitu. Alianza kunisimulia mengine, kidogo kidogo, kila asubuhi neno moja. Kwamba aliogopa bata. Kwamba alikuwa akiniita mimi "kile kitoto." Miaka yote ile alikuwa amefunga mdomo, na sasa ulikuwa umefunguka, kwa sababu alikuwa amemwona tena.

Bwana Elia hakunisukuma. Aliniita kando tu, akasema, "Mwanahawa, sitaki kubishana na wazee. Lakini nusu ya tuta imekwisha, na tukiacha itahamia kwenye mengine. Lichunguze kama unavyochunguza mengine, uniambie umeona nini."

Kesho yake niliwahi. Mama alikuwa amekwisha fika. Nilichuchumaa kwenye mche wa kwanza uliolala, nikafukua kwa kijiti, nikamkuta. Mnene, wa rangi ya udongo, amejikunja kama pete. Nikafukua mche wa pili, naye yupo. Wa tatu, yupo. Nilisikia furaha, na lazima niseme hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Furaha ya mtu aliyepata jibu la hesabu. Nikamweka mmoja kiganjani, nikamwendea mama.

"Mama, tazama. Ndiye huyu."

Alitazama muda mrefu. Macho yake hayakuwa mazuri tena, akanishika mkono akausogeza karibu na uso.

"Huyu ndiye anayekata?"

"Ndiye. Usiku anatoka, mchana anajificha chini."

"Wote ni hawa?"

"Wote, mama. Nimefukua kila mahali."

Akamgusa kwa ncha ya kidole. Sota akajikunja zaidi. Mama akaniachia mkono. Kisha akasema kwa Kizigua, polepole, kama mtu anayesema na nafsi yake, "Kwa hiyo hayupo."

Nilimsikia. Nisingependa ufikiri kwamba sikusikia. Nilimsikia vizuri, na jua lilikuwa linapanda, na keni yangu ya maji ilikuwa imejaa, na Bwana Elia alikuwa anangojea habari zangu kule stoo. Nikamjibu, "Ni sota tu, mama." Nikaondoka, nikaenda kumwagilia.

Tuliwaokota kwa mkono asubuhi kadhaa, tukawatia kwenye kopo. Tukapalilia pembezoni hadi kijitoni, na pale palipozidi Bwana Elia akanyunyiza dawa kidogo. Nikapandikiza upya. Tuta lile likawa zuri kuliko yote. Bwana Elia alinisifu mbele ya wenzangu, na hofu yao ikageuka kuwa kicheko, na kuanzia hapo kazi ya kuchunguza kitalu kizima ikawa yangu. Ndiyo kazi iliyokusomesha. Viatu vyako vya shule vilitoka kwa wale sota.

Mama alirudi nyumbani siku ile bila ufagio. Nilimwona kijana mmoja akiutumia kufagia stoo, sikuuliza. Hakwenda tena mahameni. Alikaa barazani, akala kidogo, akaongea kidogo, na juu ya Salimu hakusema neno tena. Nilijaribu, siku moja, nikamuuliza, "Kwa nini alikuwa anaogopa bata?" Akanitazama kama vile nimemtaja mtoto wa jirani. Akasema, "Sikumbuki."

Alikufa kabla ya mvua za vuli. Zahanati walisema ni homa juu ya uzee. Inawezekana. Baba yako amenieleza mara nyingi kwamba watu wazee hufa, na nina masikio, nasikia. Lakini nimeishi na neno lile "hayupo" kama mtu anavyoishi na mlango usiofungika vizuri. Ukitulia, unausikia.

Baadaye kila wadudu waliporudi, na walirudi, maana hawaishi, nilikuwa nakwenda kwenye tuta lililopakana na lile peke yangu kabla wenzangu hawajafika. Nafukua nikiomba nisikute kitu. Mwanamke mwenye akili zake, aliyefundishwa kazi, anachuchumaa kwenye umande akiomba udongo uwe mtupu, ili akamwambie mama yake, ambaye hayupo tena wa kuambiwa. Kila mara nilimkuta sota. Hata mara moja hakunikosesha. Nakwambia hivi usije ukadhani mama yako aligeuka akaanza kusema ni mizimu. Sikuwa na raha hiyo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo baba yako hajakwambia, na mimi sikuwahi kukwambia, na Bwana Elia alihama nalo.

Mama alikuwa ameomba kitu kimoja, azikwe mahameni. Viongozi wa kijiji walikataa, kwamba eneo ni la kitalu na makaburi ya kijiji yapo. Ni Bwana Elia aliyekwenda kuzungumza nao. Sijui aliwaambia nini. Alirudi akasema, "Ile pembe nitaiacha. Miche ya pale tutaihamisha leo." Akahamisha mwenyewe, amekunja suruali, pamoja na wale waliokuwa wameacha kulimwagilia tuta lile. Wanaume wakaenda kuchimba. Sisi wanawake tulibaki nyumbani na mama.

Baba yako alirudi kabla ya wenzake. Alisimama nyuma ya nyumba, matope hadi magotini, akaniita kwa mkono. Nilidhani wamekuta mwamba.

"Mwanahawa," akasema, "tumemkuta kaka yako."

Sikuelewa. Akarudia.

"Pale pale pembeni. Tulikuwa tumefika kiunoni, ukuta wa upande mmoja ukamomonyoka. Kuna mifupa midogo. Na meno, meno ya utotoni. Hayajabadilika hata kidogo. Wenzangu wanauliza tuhamishe kaburi."

Nilikaa chini pale pale kwenye majivu. Mama hakuwa amekosea. Macho yale mabovu, bila mfenesi na bila jiko, yalikuwa yamepima sawasawa. Wakati wote ule nilipokuwa nachuchumaa na kijiti changu, nikifukua kina cha kidole, nikitoka na jibu langu mkononi, kaka yangu alikuwa chini yangu.

Nilimwambia baba yako wasihamishe. Nikamwambia wamfunike vizuri, wasogee kidogo tu, mama alazwe kando yake. Akaitikia kwa kichwa akarudi. Bwana Elia alikuwa pale kaburini. Baba yako anasema alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Mwanangu, unakwenda kusomea wadudu na miti, na utawajua kuliko mimi nilivyowajua, kwa majina yao yote. Nakuombea uwajue. Sitaki urudi ukiwa mtu wa kunyamaza mbele ya kitu unachokiona. Miche ya watu ikiliwa, sema ni nani anayeila. Ningeliishi mara ya pili ningemwonyesha mama yule sota vile vile. Lakini baada ya yeye kusema lile neno, nisingeondoka. Ningekaa chini kando yake ningemwambia, "Huyu anakata miche. Sijasema lolote juu ya Salimu." Halafu ningenyamaza, nimwachie nafasi aseme. Huenda angeniambia habari za bata. Maneno yale yote yangechukua muda mfupi kuliko kumwagilia tuta moja. Sijui kama yangemwokoa. Ninachojua ni kwamba hayakuwa magumu, na nilikuwa nayo mdomoni.

Baada ya matanga kumalizika na wageni kurudi makwao, nilikwenda pale pembeni. Udongo ulikuwa bado laini, umeinuka kama tuta, urefu wa mtu mzima aliyelala. Nilisimama nikasema kwa sauti, kwa Kizigua chetu, "Mama, yupo. Yupo hapo ubavuni mwako. Sota ni sota, na Salimu yupo." Nilijisikia mjinga. Niliyasema tena. Wingu lilikuwa limekwisha funga upande wa milimani, na matone ya kwanza yakaanza kuanguka, makubwa, yale yanayovunja miche midogo. Wenzangu wakaanza kukimbia huku na huku kuifunika. Waliniita kwa jina, mara moja, mara mbili. Bwana Elia akawaambia waniache.

Sikwenda. Nililowa pale mpaka mvua ikaisha.

Mama yako,
Mwanahawa